Hewa Anayoihitaji Nyoka: Utangulizi kwa Mfugaji wa Mangina

Vitabu vingi vya ufugaji wa nyoka vimeandikwa Ulaya na Marekani, na karibu vyote vina amri moja: nyunyizia maji. Nyunyizia asubuhi, nyunyizia jioni, tandika matandiko yanayoshika maji, ziba matundu ya sanduku ili mvuke usitoroke. Wewe unayevisoma ukiwa Mangina, mwezi wa kumi, shati ulilofua juzi lingali limelowa kwenye kamba na kakao ya jirani inaota kuvu juu ya turubai kwa kukosa jua, una haki ya kushangaa. Je, sanduku la nyoka wako linahitaji maji zaidi ya haya?

Mara nyingi halihitaji. Vitabu hivyo havidanganyi. Vinasema kweli ya mahali vilipoandikwa. Ukishajua kwa nini mfugaji wa Ulaya analazimika kuongeza maji, na kwa nini wewe wa Mangina utahangaika zaidi kuyapunguza, utakuwa umeshika msingi wa somo hili. Mengine yote yatafuata polepole, na nakuahidi hakuna hata moja linalohitaji hesabu ngumu kuliko kugawanya.

Kwanza niondoe wasiwasi. Najua kwamba kati ya Beni na Butembo mtu akikutana na nyoka shambani huchukua panga kwanza na kuuliza jina baadaye, na mkulima anayevuna kakao mikono mitupu ana sababu zake. Kufuga nyoka kunaonekana kama kichaa. Lakini Afrika ya Mashariki ina historia ndefu ya kazi hii. Bustani ya nyoka ya Nairobi, jirani na Makumbusho ya Taifa, ilifunguliwa mwaka 1961. Mkuu wake mmoja wa zamani, James Ashe, alianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken huko Watamu, pwani ya Kenya, mwaka 1980. Swila mkubwa anayetema sumu, Naja ashei, alipewa jina lake mwaka 2007. Meserani, karibu na Arusha, pana bustani ya nyoka tangu 1993. Nairobi kuna pia K-SRIC, kituo kinachochunguza tiba ya kuumwa na nyoka, na huko nyoka hutunzwa ili sumu yao ikamuliwe kwa ajili ya utafiti. Kwetu Kongo, Lwiro katika Kivu ya Kusini, watafiti wa sayansi za viumbe wameshughulikia nyoka na vyura wa milima hii kwa miaka mingi. Kwa hiyo mwalimu wa biolojia wa Mangina anayeweka nyoka mmoja asiye na sumu darasani, au mwanafunzi wa udaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Graben, Butembo, anayetaka kujua jinsi ya kumtibu, hawaanzi jambo geni.

Nawe unaishi mahali ambapo wataalamu wa dunia wamekuja kutafuta nyoka. Kati ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin walizunguka misitu ya kaskazini-mashariki mwa Kongo, Ituri ikiwemo, wakikusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya New York. Nyoka waliowapeleka walielezwa na Karl Patterson Schmidt katika kitabu kikubwa cha mwaka 1923. Ukitoka Mangina ukashika barabara ya Mambasa, unaingia katika msitu huohuo.

Onyo moja, na sitalirudia. Somo hili ni la nyoka wasio na sumu. Moma, swila, koboko na vipiri wa mitini nitawataja kwa sababu wanatufundisha mengi kuhusu unyevu, lakini hao ni wa vituo vyenye wahudumu waliofunzwa na dawa ya sumu iliyo karibu. Usiwaguse. Tena nyoka asichukuliwe kutoka Hifadhi ya Virunga wala Hifadhi ya Okapi. Sheria ya Kongo ya mwaka 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile ipo, na ofisi ya ICCN, taasisi ya Kongo ya uhifadhi wa maumbile, ndiyo ya kuulizwa kabla hujaweka mnyama wa porini ndani ya nyumba. Chatu, kwa mfano, biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Sasa tuingie kwenye hewa yenyewe.

Hewa hubeba maji tusiyoyaona. Maji hayo ni mvuke, yaani maji yaliyogeuka kuwa gesi, nao ndio unaoitwa unyevu wa hewa. Kiasi cha juu cha mvuke kinachoweza kukaa hewani hutegemea joto. Katika nafasi ya mita moja ya ujazo, kwa nyuzi 0 za Selsiasi, mvuke hauwezi kuzidi gramu 5 hivi. Kwa nyuzi 20 unaweza kufika gramu 17. Kwa nyuzi 30, gramu 30. Tazama hizo namba tena, maana ndizo zinazobeba somo zima: joto likipanda kidogo tu, nafasi ya mvuke inapanuka sana.

Kipimo kinachoonekana kwenye vifaa vya dukani, kile kinachoandikwa kwa asilimia, huitwa unyevu linganishi. Maana yake ni kulinganisha mvuke uliopo na mvuke wa juu kabisa unaowezekana kwa joto la wakati huo. Mita ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 ikiwa na gramu 15 za mvuke, unyevu linganishi wake ni nusu, yaani asilimia 50. Wanaoanza hujikwaa hapa, kwa hiyo twende taratibu. Asilimia inaweza kushuka bila tone moja la maji kuondoka. Chukua alfajiri ya Mangina, nyuzi 20, ukungu umetanda: hewa imejaa, gramu 17, asilimia 100. Hewa hiyohiyo ikipashwa hadi nyuzi 30 bila kuongezewa wala kupunguziwa chochote, ina gramu zilezile 17, lakini sasa zinalinganishwa na 30. Kifaa kitasoma karibu asilimia 57. Hakuna kilichopotea. Hewa imepata njaa ya maji, na sasa itayavuta kutoka kwenye udongo, majani, nguo na ngozi.

Msome sasa yule mwandishi wa Ulaya. Nje ya nyumba yake ni majira ya baridi, nyuzi 0, gramu 5. Anaiingiza hewa hiyo ndani na kuipasha moto hadi nyuzi 20. Gramu 5 zinalinganishwa na 17, na unyevu linganishi unaanguka chini ya asilimia 30. Ngozi ya binadamu inapasuka, seuze ngozi ya nyoka aliyezaliwa msituni! Ndiyo maana ananyunyizia maji asubuhi na jioni.

Usicheke ukidhani jambo hili haliwezi kutokea kwetu. Panda kuelekea kusini hadi Butembo, juu ya mita 1,700. Usiku wa huko unaweza kufika nyuzi 15, na hewa ya nyuzi 15, hata ikiwa imejaa kabisa, haibebi zaidi ya gramu 13. Mtu akiweka taa ya kumpasha joto nyoka wake hadi nyuzi 30, hewa ndani ya sanduku inabaki na asilimia 42 au 43 tu. Kwa hiyo wafugaji wawili, mmoja wa Mangina na mmoja wa Butembo, wote Wanande, wote wanaosikia mvua ileile ikinyesha, wana matatizo yanayopingana. Nairobi iko kwenye mwinuko unaokaribiana na wa Butembo, na moma wa msituni anayetunzwa huko huhitaji kuongezewa unyevu ambao angeupata bure akiwa Watamu kando ya bahari. Ushauri wa mtu wa mji mwingine usiufuate kabla hujamuuliza kwake kuna joto kiasi gani.

Upimaji hauna budi kufanywa kwa kifaa, kwa sababu mwili wa binadamu ni shahidi mbovu: huhisi joto na jasho, kisha hubahatisha unyevu. Kifaa kinaitwa higromita. Mwaka 1783 Horace-Bénédict de Saussure wa Geneva alieleza higromita yake iliyotumia unywele wa binadamu, kwa sababu unywele hurefuka hewa ikilowa na hufupika ikikauka. Za siku hizi ni za kidijitali, ndogo kama kiberiti, na za bei nafuu mara nyingi hukosea kwa asilimia kadhaa. Usiitupe, ijaribu kwanza. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji mpaka iwe kama uji mzito lakini isiyeyuke yote, kisha ifungie pamoja na higromita ndani ya mfuko wa plastiki usiovuja, bila kugusana. Iache usiku kucha na zaidi. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, Mangina, Muscat au Brussels. Kifaa kikisoma 81, basi kinazidisha 6, na utazitoa kila unaposoma karibu na kiwango hicho.

Huna higromita? Tengeneza saikromita, ambayo ni vipimajoto viwili vilivyowekwa sambamba, kimoja kikavu, kingine ncha yake imefungwa utambi wa pamba uliolowa. Maji yanapokauka huondoka na joto, hivyo kipimajoto kilicholowa husoma chini. Hewa ikiwa kavu, tofauti ni kubwa. Hewa ikijaa, tofauti hutoweka. Vipungie hewa kwa daftari dakika chache kisha usome. Kikavu kikiwa nyuzi 25 na kilicholowa 22, unyevu ni karibu asilimia 77. Kilicholowa kikiwa 20, ni karibu 64. Vipimajoto viwe vya maabara ya shule, si vya zahanati, maana vile vya homa huanzia nyuzi 35 na havitakwambia lolote hapa.

Tuje kwa nyoka. Kwa nini mnyama aliyefunikwa magamba ajali hewa?

Wengi hudhani magamba ndiyo yanayozuia maji yasitoke mwilini. Ni wazo la kuridhisha, nalo si sahihi. Mwaka 1972 Paul Licht na Albert Bennett walipima nyoka mmoja aliyezaliwa bila magamba, wakamlinganisha na wenzake wa kawaida. Upotevu wa maji haukutofautiana. Mwaka 1980 J. B. Roberts na Harvey Lillywhite walionyesha sababu yake: kizuizi ni mafuta, yanayoitwa lipidi, yaliyotandazwa katika tabaka jembamba ndani ya ngozi, kati ya tabaka za keratini. Keratini ni kitu kilekile kinachojenga kucha zako. Walipoyaondoa mafuta hayo kwa kemikali, maji yalipita kwa urahisi zaidi. Magamba humlinda nyoka dhidi ya mikwaruzo na kumsaidia kutambaa. Maji hulindwa na mafuta.

Kiasi cha mafuta hayo na mpangilio wake hutofautiana kati ya nyoka na nyoka, na hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Nyoka wa nyika kavu hupoteza maji kidogo, wa msitu wa mvua hupoteza mengi kwa haraka, kwa kuwa hakuhitaji ulinzi mkali mahali ambapo hewa karibu na ardhi imejaa mvuke mchana na usiku. Ukimhamisha wa msituni kwenye hewa kavu, haonyeshi shida siku ya kwanza. Huionyesha siku ya kujivua ngozi.

Ngozi ya nje ya nyoka haikui pamoja naye, basi hutengeneza mpya chini yake na kuitoa ya zamani. Siku kadhaa kabla, rangi yake hufifia, na macho huwa kama yamemwagiwa maziwa yenye samawati, kwa sababu majimaji yamejipenyeza kati ya ngozi ya zamani na mpya. Mfugaji mgeni huogopa akidhani mnyama amepofuka. Amepungukiwa kuona tu, na ndiyo maana huwa mkali, mwache atulie. Baadaye macho hung'aa tena, na baada ya siku chache hujisugua midomo kwenye gogo au jiwe, ngozi hufunguka puani, naye hutoka akiiacha nyuma imegeuzwa ndani nje kama soksi. Ngozi nzima, kutoka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, ni cheti kwamba unyevu wako ulikuwa sawa.

Hewa ikiwa kavu mno, ngozi hutoka vipande vipande. Kagua sehemu mbili. Ya kwanza ni mkia: pete ya ngozi kavu iliyobaki hapo hubana mishipa ya damu, na ncha ya mkia inaweza kufa. Ya pili ni jicho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa gamba angavu linalobadilishwa kila anapojivua, na katika ngozi iliyotoka utaliona kama kioo kidogo cha mviringo. Likikosekana, limebaki jichoni. Usilibandue kwa kucha wala koleo, kamwe, kwa maana unaweza kung'oa na la chini yake. Mweke nyoka mahali penye unyevu mwingi siku moja au mbili, kisha umpitishe polepole katikati ya kitambaa kilicholowa maji vuguvugu. Likikataa, subiri ngozi ijayo au mwone daktari wa mifugo.

Upande wa pili ndio wa Mangina, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vitabu vya Ulaya huupita mbio. Nyoka anayelala siku nyingi juu ya matandiko yaliyolowa hupata malengelenge tumboni, kwanza mekundu au yenye majimaji meupe, kisha vidonda, bakteria wakiingia. Mapafu nayo huathirika. Nyoka wengi hutegemea pafu la kulia peke yake, refu na jembamba, na hawana kiwambo, ule msuli unaotuwezesha sisi kukohoa kwa nguvu. Makamasi yakijaa hayana njia nyepesi ya kutoka. Ukimwona nyoka akishikilia kichwa juu, mdomo wazi, akitoa sauti ya kukoroma na mate yenye povu, hilo ni jambo la daktari, wala si la kuongeza taa.

Utauliza: ikiwa nyoka wa msitu wa Ituri huishi kwenye hewa ya asilimia 90, mbona haozi huko? Swali zuri, na jibu lake ndilo kiini cha ufugaji. Unyevu wa hewa ni jambo moja, kulowa ni lingine, na kutuama kwa hewa ni la tatu. Msituni hewa imejaa mvuke, lakini mvua hupenya kwenye majani makavu ya juu na kuingia ardhini, viumbe wadogo humaliza uozo, upepo mdogo hupita, na nyoka huhama. Sanduku lililozibwa lina mambo yote matatu kwa pamoja: mvuke, matandiko yaliyolowa na hewa isiyotembea. Kuvu huhitaji siku chache tu.

Nyoka huhama, nimesema. Porini hakuna nyoka anayekaa katika unyevu wa namna moja. Mchana wa kiangazi hewa ya wazi inaweza kukauka, huku ndani ya shimo la mnyama, chini ya gogo, au ndani ya kichuguu hewa ikibaki imejaa. Nyoka hutoka kuota jua, hurudi shimoni, hushuka mtoni kunywa. Kazi yako, basi, si kutafuta asilimia moja sahihi na kuishikilia kama amri. Kazi yako ni kujenga mteremko wa unyevu, yaani kisanduku chenye upande mkavu zaidi na upande wenye mvuke zaidi, na kumwachia nyoka achague. Nawaonea huruma wafugaji wanaobishana kama ni 60 au 65. Nyoka hajasoma hizo namba. Mpe njia ya kwenda anakotaka.

Kwa nyoka-nyumba wa jenasi Boaedon, ambao ndio ninaowashauri wanaoanza kwa sababu hawana sumu ya kumdhuru mtu, hula panya na hustahimili makosa, sanduku la mbao la urefu wa mita moja linatosha. Toboa matundu mengi madogo chini upande mmoja na mengine juu upande wa pili, uyafunike kwa wavu mgumu wa chuma. Hewa yenye joto hupanda na kutokea juu, na mpya huingia chini. Sanduku hupumua lenyewe bila umeme, jambo la maana kwetu ambako umeme wa wengi wetu ni wa paneli ya jua. Wavu wa chandarua hautoshi, maana nyoka husukuma usiku kucha mpaka uachie. Kifuniko kiwe na komeo.

Matandiko yawe makavu juu. Karatasi za magazeti hazipendezi macho, lakini huonyesha haraka palipolowa na hubadilishwa bila gharama. Ukitaka kitu cha asili, majani makavu yaliyoanikwa juani siku kadhaa ili viroboto na kupe waondoke yanafaa. Pwani hutumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa, nayo ni mazuri mno kwa kushika unyevu bila kulowa, ila kuyapata Mangina ni kazi. Maganda ya kakao yamejaa kila ua, na najua yanakutamanisha. Yaache: huoza na kuota kuvu upesi kuliko chochote. Unga wa mbao za msumeno nao huingia mdomoni nyoka anapokula, na mbao nyingine zina harufu kali inayowasha mapafu.

Kisha weka maficho mawili. Moja kavu, upande wa joto. La pili liwe chungu kilichovunjika, kimefunikwa kifudifudi, na ndani yake kigoga, ile mimea laini ya kijani inayotambaa juu ya magogo yaliyooza, kilicholoweshwa kisha kukamuliwa mpaka kisidondoshe tone. Ndani ya chungu hicho hewa itakaa karibu na asilimia 90 huku sanduku lote likiwa 60. Hilo ndilo shimo lake la kichuguu. Utamkuta humo macho yakishaanza kufifia, bila kumwelekeza. Badilisha kigoga kila wiki.

Bakuli la maji nalo ni kifaa cha unyevu. Kadiri uso wa maji ulivyo mpana na ulivyo karibu na joto, ndivyo mvuke unavyotoka mwingi. Kwa hiyo, kuanzia Agosti hadi Novemba, mvua zikiwa nyingi, tumia bakuli dogo upande wa baridi. Januari na Februari, kukikauka, chukua pana zaidi ulisogeze kwenye joto. Mfugaji wa Butembo anayetumia taa atalifanya hilo mwaka mzima, naye ataziba baadhi ya matundu ambayo wewe umeyatoboa. Nyoka akishinda amelala ndani ya bakuli, usikimbilie kusema hewa ni kavu: huenda anakimbia joto, au ana kupe wadogo chini ya magamba ambao anataka kuwazamisha. Kagua yote matatu.

Kunywa hakufanani pia. Nyoka-nyumba hunywa bakulini. Vipiri wa mitini, jenasi Atheris, ambao Ituri ina aina zake na milima ya Kivu ina wake, mara nyingi huyapuuza maji yaliyotuama na kulamba matone yaliyokaa juu ya magamba yao wenyewe baada ya mvua. Vituo vinavyowatunza huwanyunyizia kwa sababu hiyo, kwa ajili ya kunywa, kisha huacha majani yakauke kabla ya usiku. Atheris nitschei wa mabwawa ya mafunjo na milima ya Kivu anataka unyevu pamoja na ubaridi, mchanganyiko ambao sanduku lenye taa haliwezi kumpa. Kinyume chake ni chatu mdogo wa mchanga wa Kenya na Tanzania, Eryx colubrinus, anayefugwa sana Marekani. Huyo ni wa nyika kavu, na hewa ya Mangina ya mwezi wa kumi ingemletea vidonda kabla ya Krismasi. Chatu wa kifalme wa Afrika ya Magharibi, anayeuzwa dunia nzima kutoka Togo, Benin na Ghana, yuko katikati: hustawi kwenye asilimia 60 hivi, akipewa zaidi wakati wa kujivua.

Mayai ni somo la peke yake, nami nitaligusa tu. Ganda la yai la nyoka si gumu kama la kuku. Ni laini, kama ngozi, na hufyonza maji kutoka mahali lilipolazwa, hata yai huvimba likikua. Likikaa pakavu huingia mabonde. Likikaa ndani ya maji kiinitete hukosa hewa. Mkamuo uleule wa kigoga, usiodondosha tone, hufaa hapa.

Kuhusu usafi, watu wa Mangina hawahitaji mafunzo mengi. Tangu Ebola ilipotangazwa hapa Agosti 2018, hata mtoto anajua maji ya klori ya kusafishia vitu, asilimia 0.5, na yale hafifu ya mikono, 0.05. Nyoka wenye afya njema hubeba bakteria wa salmonela matumboni mwao, kwa hiyo nawa kila unapomgusa, na usioshee bakuli lake jikoni. Sanduku lililoota kuvu lisuguliwe kwa klori ile kali nyoka akiwa nje, lisuuzwe, likaushwe juani mpaka harufu iishe yote.

Zoezi lako la kwanza halihitaji nyoka. Jenga sanduku, weka matandiko, chungu na bakuli, ufunge. Kwa mwezi mmoja soma unyevu na joto mara tatu kwa siku, alfajiri, saa saba mchana na saa mbili usiku, upande mkavu na ndani ya chungu, ukiandika pia kama mvua imenyesha. Upande mkavu ukikaa juu ya asilimia 80 siku tatu mfululizo, ongeza matundu. Ukishuka chini ya 45, panua bakuli. Chungu kikinuka uozo, kigoga kimelowa mno au hewa haipiti. Daftari likionyesha wiki mbili zilizotulia, andika barua ICCN, na utafute fundi wa kukutengenezea komeo la pili.